Namna ya kupiga skwea mita za jengo lolote, kuanzia nyumba yako Nkuhungu mpaka lile jumba la Chengdu, China

Mbukwenyi wadau. Juzi kijiweni kwetu hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo, kahawa ilipoa kwenye vikombe sababu ya ubishi wa jengo gani ni kubwa kuliko yote duniani. Dogo wa bodaboda kashika simu anasema Burj Khalifa ya Dubai, imeisha hiyo. Alhaji anasema yeye kauona kwa macho yake mnara wa saa pale Makkah na hakuna kitu kama kile, mwalimu mstaafu anasema Pentagon, yale makao ya wizara ya ulinzi ya Wamarekani, na mimi nimekaa pembeni na ndoo yangu ya vifaa, fundi tailizi mimi, nikawaambia wazee wangu wote mpo sawa na wote mmepotea maana hakuna hata mmoja aliyesema anapima nini. Wakanicheka sana. Haya, nimekaa home naandika taratibu. Ukimaliza hapa utaweza kupima nyumba yako, kanisa lenu, msikiti, shule ya watoto, alafu ukienda kwenye hizo orodha za majengo ya dunia hutadanganywa kirahisi.

Kwanza sema unapima nini

Jengo linaweza kuwa kubwa kwa njia nne na hizo nne hazina undugu. Kuna kimo, hapo Burj Khalifa ana mita 828 na tangu 2010 hajampisha mtu. Kuna eneo ambalo jengo limekalia chini, yani ungekuwa mwewe unaangalia kutoka juu, lile paa limeficha ardhi kiasi gani. Kuna ujazo, hewa iliyomo ndani. Na kuna sakafu, unajumlisha kila sehemu ya kukanyaga kwenye kila floo. Hiyo ya mwisho ndo tunayoita skwea mita za jengo na ndo inayonipa ugali kwahiyo sifichi, kwangu ndo kipimo chenye akili kuliko vyote.

Ona maajabu yake sasa. Burj Khalifa na urefu wote ule, sakafu zake ukizijumlisha zinakuja kama skwea mita 309,000. Pentagon ambayo kimo chake hakifiki hata mita 25 ina kama 604,000. Yani mfupi mnene kamzidi mrefu mwembamba karibu mara mbili! Kiwanda cha ndege cha Boeing kule Everett, Marekani, ndo namba moja kwa ujazo, mita za ujazo kama milioni 13.3, lakini chini kimekalia skwea mita 398,000 hivi na sehemu kubwa ni sakafu moja tu, kwa sababu ndani ndege lazima isimame na mkia wake, huwezi kuipigia slabu kichwani. Na Aalsmeer kule Uholanzi kuna jengo la mnada wa maua, maua ya kutoka huku kwetu Afrika Mashariki yanapita pale kwa wingi, limekalia ardhi kama skwea mita 518,000, na ardhi ndo sifa yake, kimo hana. Kwahiyo mtu akikwambia jengo fulani ndo kubwa duniani muulize kwa kipi, akibabaika agiza kahawa nyingine.

Vifaa na ile hesabu ya hatua

Tepu ndefu ya mita 30 au 50, ile ndogo ya mita 5 itakutoa roho, karatasi, kalamu, na mtu wa kushika upande wa pili, mimi huwa namchukua kijana wa dada yangu, malipo yake soda.

Kama huna tepu tumia miguu ila pima mguu wako kwanza. Tafuta sehemu unayoijua ina mita 20, tembea kawaida, hesabu hatua, gawanya. Yangu inakuja sentimita 75. Hii nasema kwa uchungu kwasababu hapa Dodoma madalali wa mashamba wanauza eka kwa hatua 70 kwa 70, na watu wanaamini kabisa eka ni mita 70 kwa 70. Eka ni skwea mita 4,047, yani mraba wa mita 63 na nusu hivi kila upande. Ile sabini kwa sabini inatoka kwenye yadi, na yadi ni sentimita 91, ni hatua ya mtu mrefu anayevuta mguu. Sasa akija dalali mfupi mwenye hatua kama yangu, 70 zake ni mita 52 na nusu, ukipiga mraba unapata kama 2,750. Theluthi nzima ya eka imeyeyuka na wewe umesaini mbele ya balozi.

Anza na nyumba yako

Pima urefu na upana kwa nje, zidisha. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ni skwea mita 120, hapo hakuna siri. Kama imekaa kama herufi L igawanye kwa kalamu vipande viwili vya mstatili, kila kimoja peke yake, alafu jumlisha, usijaribu kuipima kwa mkupuo. Kona zikuthibitishie kwa ile tatu nne tano ya mafundi, mita 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari ukisoma 5 kona imekaa skwea. Isiposoma 5 basi nyumba imepinda na hesabu yako itapinda nayo. Banda la duara, la msonge, chukua nusu kipenyo zidisha kwa yenyewe alafu zidisha kwa 3.14.

Sasa hapa ndo nilipopigwa mimi kwahiyo tuliza akili. Kuna kipimo cha nje, kuta zikiwemo. Kuna kipimo cha ndani, kuta za nje zimetoka. Na kuna kipimo cha sehemu inayotumika kweli, kuta zote zimetolewa. Miaka michache nyuma bosi mmoja, simtaji, ananijengea chuki mpaka leo, alikuwa na nyumba upande wa Iyumbu, akanitumia meseji WhatsApp "fundi nyumba ni 140, niambie boksi ngapi". Mi bila kwenda site nikachukua 140, nikaongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, ikaja 154, tailizi za 60 kwa 60 boksi moja linabeba skwea mita 1.44, nikamwambia boksi 107. Kumbe ile 140 ilikuwa ya kwenye ramani, ya nje, na baraza imo, na baraza hataki tailizi anataka sakafu ya simenti. Sehemu halisi ya kuweka ilikuwa 112. Boksi 86 zingetosha na akiba juu. Zimebaki 21, dukani hawarudishi, na mwisho wa siku kazikata kwenye hela yangu ya ufundi. Sikulala.

Na usifikiri ni mambo ya uswahilini tu. Ile Pentagon ya 604,000, sehemu ya ofisi ni kama 344,000, zingine zote ni korido, ngazi, kuta, mitambo, vyoo. Korido peke yake kilomita 28, ni zaidi ya kutoka Jamatini mpaka Mji wa Serikali Mtumba. Kwahiyo mtu mmoja anaweza kuandika 604 mwingine 344 kwa jengo lilelile na wote hawajaongopa, kama mimi na yule bosi. Mol nazo hivohivo, kuna skwea mita za jengo zima na kuna za maduka yanayopangishwa, na mwenye mol atakutajia ile kubwa, ungekuwa wewe usingefanya hivo?

Ghorofa zetu na floo zao

Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Sisi tukisema nyumba ya ghorofa moja tunamaanisha ina chini na ina juu, floo mbili. Ghorofa tatu, floo nne. Kwahiyo kanuni ni hii, chukua idadi ya ghorofa ongeza moja, alafu zidisha kwa eneo la chini. Wamarekani hawahesabu hivo, kwao ile ya chini ndo floo ya kwanza tayari. Pentagon wanasema ina floo 5 juu ya ardhi, kijiweni kwetu hiyo ni ghorofa nne, na chini kuna basementi mbili. Ukichanganya hesabu hizi mbili kwenye jengo dogo la mjini unakosea kidogo, kwenye jengo lililokalia skwea mita laki na zaidi umekosea mtaa mzima.

Na basementi zihesabu, watu wanazisahau kwa sababu hazionekani barabarani. Sakafu ni sakafu hata kama iko chini ya udongo.

Toa matundu

Babu yangu alikaa kwenye tembe, wale wa Dodoma mnalijua, paa bapa la udongo, vyumba virefu vimezunguka ua na ng'ombe wanalala katikati. Ukipima tembe kwa nje ukazidisha urefu na upana umempa babu na zizi lake kama sakafu ya nyumba. Ua hauna paa, toa.

Pentagon usinicheke ila ni tembe la pembe tano. Ina ua katikati wa eka 5. Tujaribu kuipima pamoja ndo uone hii kitu inafanya kazi. Kila upande una mita 281. Pembe tano sawa unapiga upande kwa upande alafu unazidisha kwa 1.72, inakuja kama 136,000. Toa ua wa katikati, eka 5, kama 20,000. Imebaki 116,000, floo 5, inakuja 580,000. Wenyewe wanasema 604,000. Tumekaa hapa Dodoma na kalamu ya bic tumekosea chini ya asilimia 5! Ila nisikudanganye, bahati imo humo, maana lile jengo limejengwa kwa pete tano, moja ndani ya nyingine, na kati ya pete kuna nafasi za kupitisha mwanga ambazo tulitakiwa tuzitoe, na kuna basementi ambazo tulitakiwa tuziongeze, makosa mawili yamepeana mkono. Walilijenga kuanzia 1941 wakamaliza mwanzoni mwa 1943, miezi 16 tu, sisi kuna watu wako kwenye lenta mwaka wa saba.

Jipe mtihani mgumu sasa. New Century Global Center, mji wa Chengdu, China, ilifunguliwa 2013. Urefu mita 500, upana 400, kimo 100, floo 18. Ukienda kichwakichwa, 500 mara 400 ni 200,000, mara 18 ni milioni 3.6. Lakini skwea mita zinazotajwa ni milioni 1.7 mpaka 1.76. Zaidi ya nusu imeenda wapi? Ndani kuna ukumbi mkubwa ulio wazi mpaka juu, kuna ufukwe wa kutengeneza na bwawa la mawimbi, watu wanaogelea ndani ya jengo kama wako Coco Beach, na hewa iliyo juu ya kichwa cha muogeleaji haina sakafu. Kwahiyo kanuni ya pili, popote unapoona wazi kutoka chini mpaka dari la juu, hapo hesabu floo moja tu. Ngazi na shimo la lifti watu wanabishana, wengi wanazihesabu kila floo, wewe chagua moja ila andika umechagua ipi. Pamoja na kutoa huko kote lile jengo bado linatajwa kati ya makubwa kabisa duniani kwa sakafu, ndani kuna hoteli, maofisi, maduka.

Kama jengo liko mbali tumia picha ya satelaiti

Google Maps kwenye kompyuta, bofya kulia kwenye kona ya jengo, chagua pima umbali, zunguka kona kwa kona mpaka urudi ulipoanzia, ukifunga tu inakupa eneo. Kwenye simu tumia Google Earth. Nimepima hivo stesheni yetu ya SGR, nimepima kumbi, nimepima shule ya msingi niliyosoma nikagundua darasa letu la watoto mia lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

Mitego iko miwili. Wa kwanza, unachokiona ni paa sio ukuta, na jua la Dodoma lilivyo watu wanavuta kenchi nje sentimita 60 au hata mita nzima. Nyumba ya 12 kwa 10 paa lake linaweza kusoma 13.2 kwa 11.2, ni karibu 148 badala ya 120. Toa hicho kilichozidi nje ya ukuta. Wa pili, jengo refu kwenye picha huwa limelala upande kidogo, paa liko huku miguu iko kule, ukichora kona mbili juu na mbili chini umepima kitu ambacho hakipo. Fuata miguu tu.

Ni jengo moja au mtaa?

Hapa ndo ubishi wa kijiweni huwa hauishi na mi nakubali usiishe. Kuna mtu atakwambia UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndo jengo kubwa, hapana mwanangu, UDOM ni eneo la kama hekta 6,000 lenye majengo yaliyotawanyika mlimani, pori lililopo katikati sio sakafu. Kanuni ninayotumia mimi ni ya viatu, kama naweza kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho bila mvua kunigusa na bila kukanyaga udongo, ni jengo moja.

Ila hata hiyo ina utata. Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dubai, ilifunguliwa 2008, inatajwa kuwa na zaidi ya skwea mita milioni 1.7, imelingana bega kwa bega na Chengdu, sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi, na kufika kumbi moja ya abiria unapanda treni inayopita chini huko. Hujanyeshewa mvua, ila umepanda treni ndani ya jengo? Mi naona hapo wamevuta kamba. Mnara wa Alhaji nao, Abraj Al Bait, ni minara saba imekaa juu ya jengo moja la chini, ule wa saa una mita 601, ulikamilika 2012, na sakafu za vyote pamoja zinatajwa kama milioni 1.5. Kwahiyo Alhaji hakuwa mjinga hata kidogo, kwenye sakafu yupo juu kabisa na kwenye kimo yupo juu pia, ni wachache wenye vyote viwili. Nilimwambia akafurahi akalipia kahawa ya wote.

Na mwalimu naye ana habari mbaya. Pentagon ilishika nafasi ya jengo kubwa la ofisi kwa miaka kama 80, mpaka Wahindi walipofungua soko la almasi Surat, Desemba 2023, kama skwea mita 660,000. Ni majengo tisa ya floo 15 kila moja, yameunganishwa na korido ndefu katikati kama uti wa mgongo wa samaki. Kwa kanuni yangu ya viatu ni moja, imepita.

Sisi watu wa mji wa Bunge nadhani inatupasa kujua pia la Romania. Jumba lao la Bunge pale Bucharest, lilianza kujengwa 1984 enzi za rais wao Ceaușescu, lina kama skwea mita 365,000, linasifika kwa kuwa jengo zito kuliko yote.

Futi za mraba

Orodha nyingi za mtandaoni zimeandikwa kwa futi. Gawanya kwa 10.76 upate skwea mita, basi. Merchandise Mart, jengo la biashara la Chicago, iliyofunguliwa 1930 ikiwa ndo kubwa duniani kwa sakafu, inaandikwa futi za mraba milioni 4, ukigawanya unapata kama 372,000. Nimeona watu wanashika ile milioni 4 wanaiweka juu ya Chengdu wanashangilia. Na ukitaka kuielezea namba kwa mtu asiyependa namba tumia uwanja wa mpira, wa kawaida ni 105 kwa 68, ni skwea mita 7,140. Chengdu viwanja 238. Pentagon 84 na kitu. Usiseme tu "kama uwanja wa Jamhuri" bila kutofautisha uwanja na majukwaa, mwenye kijiwe atakukamata.

Hesabu ya mwisho, hii ni ya kwangu

Nilipofika home usiku ule nikajiuliza Chengdu ingenichukua boksi ngapi. Milioni 1.7, ongeza asilimia 10, inakuja milioni 1.87, gawanya kwa 1.44, ni boksi kama milioni 1 na laki 3. Kwa kasi yangu ya skwea mita 15 kwa siku peke yangu ni siku 113,000 na zaidi, miaka 310 bila Jumapili wala sikukuu. Nikampigia kijana wa dada nikamwambia kuna kazi China, akauliza soda ngapi. Nikamwambia tulia kwanza, hiyo milioni 1.7 sijui kama kuta zimo.